Tafsiri za vitabu vya tiba vya Kiarabu na elimu ya Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yafuatayo yameandikwa ili kila moja lisomeke peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Tukisema "tiba ya Kiarabu", je, tunamaanisha tiba ya Waarabu?

Hapana. Tunamaanisha tiba iliyoandikwa kwa lugha ya Kiarabu, kuanzia karne ya 9, katika nchi zilizoenea kutoka Asia ya Kati hadi Hispania. Hunayn ibn Ishaq, mfasiri mkuu wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, alikuwa Mkristo. Ishaq ibn Sulayman al-Israili, tabibu wa Kairouan (katika Tunisia ya leo) aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu homa, alikuwa Myahudi. Al-Razi na Ibn Sina walikuwa Waislamu wenye asili ya Uajemi, na jina la Ali ibn al-Abbas al-Majusi lenyewe linaonyesha kuwa ukoo wake ulitokana na watu wa dini ya Zarathustra. Kilichowaunganisha wote hawa ni lugha, kama ambavyo Kilatini kiliwaunganisha wasomi wa Ulaya.

2. Vitabu vya Wagiriki vilikuwa Ulaya tangu zamani. Kwa nini wasomi wa huko wavifuate kwa Kiarabu?

Kwa sababu, katika nchi za Ulaya zilizotumia Kilatini, vingi havikuwapo tena, na hata vilivyokuwapo havikuwa na wasomaji. Elimu ya Kigiriki ilikuwa imefifia sana huko baada ya dola ya Kirumi ya magharibi kuanguka. Tabibu wa Ufaransa au Ujerumani wa mwaka 1000 alikuwa na orodha za dawa, muhtasari mfupi wa hapa na pale, na maarifa ya mitishamba; hakuwa na maandishi mengi ya Galen, tabibu wa karne ya 2 ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyokuwa msingi wa tiba ya kale.

Baghdad hali ilikuwa kinyume kabisa. Hunayn aliandika barua ndefu akieleza vitabu vya Galen alivyovijua, takriban 129, na kwa kila kimoja akataja nani alikitafsiri, kwa ajili ya nani, na kama tafsiri ilikuwa nzuri au mbovu. Desturi yake ilikuwa kukusanya nakala kadhaa za Kigiriki, kuzilinganisha mpaka apate maandishi sahihi, ndipo atafsiri. Hivyo Mlatini wa karne ya 12 aliyetaka kumsoma Galen kwa ukamilifu alipata njia fupi zaidi kupitia Toledo, Hispania, kuliko kupitia Athens.

3. Tafsiri za Kilatini zilianza lini na wapi?

Kazi kubwa ya kwanza ilifanyika kusini mwa Italia katika nusu ya pili ya karne ya 11, katika monasteri ya Monte Cassino na mji wa Salerno uliosifika kwa matabibu wake. Karne iliyofuata kitovu kikahamia Toledo, mji wa Hispania uliotwaliwa na mfalme Alfonso wa Sita mwaka 1085 huku maktaba zake na wakazi wake wenye kujua Kiarabu wakibaki. Karne ya 13 ikaleta wafasiri wa Sisilia na Napoli chini ya udhamini wa wafalme.

Wengi hudhani vita vya Msalaba ndivyo vilivyoleta vitabu hivi. Mchango wa vita hivyo ulikuwa mdogo. Mfano mzuri uliopo ni wa Stefano wa Antiokia, ambaye tutamtaja katika swali la 4.

## Wafasiri na kazi yao

4. Je, ni kweli kwamba Konstantino Mwafrika aliiba vitabu vya Waarabu na kuviita vyake?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina sababu. Konstantino alitoka Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, akafika Salerno, akawa mtawa Monte Cassino na kufariki huko kabla ya karne ya 11 kwisha. Kitabu chake kikubwa, *Pantegni*, alichokitabaruku kwa abate Desiderius, kwa sehemu kubwa ni kile cha Al-Majusi kilichoitwa *Kitabu cha Kifalme*, lakini jina la Al-Majusi halimo. Kitabu chake cha magonjwa kwa wasafiri, *Viaticum*, ni cha Ibn al-Jazzar wa Kairouan, naye hakutajwa.

Stefano, mtu wa Pisa aliyeishi Antiokia, alikasirika kiasi cha kukitafsiri upya kitabu cha Al-Majusi mwaka 1127 na kumlaumu wazi aliyemtangulia kwa kuficha jina la mwandishi na kuacha sehemu nyingi za kitabu. Hoja ya pili ilikuwa sahihi: nusu ya kitabu inayohusu matibabu haikukamilika katika *Pantegni*. Huko Salerno yalikuwapo masimulizi kwamba kurasa hizo ziliharibiwa na maji ya bahari wakati wa safari.

Kwa maoni yangu, neno "wizi" linamtendea nusu ya haki. Zama zile mkusanyaji wa maandishi hakudaiwa kutaja asili kama mwanachuo wa leo, na katika mazingira ya utawa huenda majina ya Kiislamu yangewafukuza wasomaji. Hata hivyo Ishaq al-Israili alitajwa kwa jina katika tafsiri za Konstantino huyuhuyu, kwa hiyo kutaja kuliwezekana. Alichagua.

5. Mfasiri wa Toledo alifanyaje kazi? Je, alikijua Kiarabu barabara?

Mara nyingi kazi ilifanywa na watu wawili. Katika utangulizi wa tafsiri ya kitabu cha Ibn Sina kuhusu nafsi, msomi wa Kiyahudi aitwaye Avendauth anaeleza kwamba yeye alitamka neno moja moja kwa lugha ya kawaida ya mtaani, naye shemasi mkuu Dominicus akaligeuza kila neno kuwa Kilatini. Basi maneno yalitoka katika Kiarabu kilichoandikwa, yakapita katika Kihispania kilichosemwa, yakaishia katika Kilatini kilichoandikwa. Yeyote aliyewahi kukalimani msikitini au mahakamani anajua ni kiasi gani kinaweza kudondoka njiani.

Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187, ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote. Wanafunzi wake waliandika kwamba alikwenda Toledo akitafuta kitabu cha falaki cha Ptolemayo ambacho hakikupatikana kwa Walatini, akaona wingi wa vitabu vya Kiarabu katika kila fani, akajifunza lugha ili avitafsiri. Orodha waliyoiacha ina vitabu zaidi ya 70, vikiwamo *Kanuni ya Tiba* ya Ibn Sina, kitabu ambacho Al-Razi alimwandikia mtawala Mansur, na sehemu ya upasuaji ya Al-Zahrawi. Naye pia hakufanya kazi peke yake. Mkristo wa Toledo mwenye kujua Kiarabu, aliyeitwa Ghalib, alimsaidia katika kitabu cha Ptolemayo.

6. Tafsiri hizo zilikuwa na makosa mengi?

Ndiyo, na mengine yamebaki vinywani mwa madaktari mpaka leo. Mfasiri aliyekosa neno la Kilatini aliliacha la Kiarabu kama lilivyo. Kwa hiyo kwa karne kadhaa wanafunzi wa Ulaya waliita maumivu ya kichwa *soda*, kutoka katika neno *suda*, na uti wa mgongo wakauita *nucha*, kutoka *nukha*. Stefano wa Antiokia alilitambua tatizo hili mapema, akaandaa orodha ya istilahi na kuwashauri wasomaji waliokwama wawaulize watu wa Sisilia na Salerno, ambako wajuao Kigiriki na Kiarabu walikuwapo.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa utando wa ubongo. Kiarabu hutumia neno "mama" kwa kitu kinachobeba au kufunika kingine, na tando mbili za ubongo ziliitwa mama mgumu na mama mwembamba. Mfasiri akaandika *dura mater* na *pia mater*. Neno la Kiarabu alilolifasiri kwa *pia* lina maana ya wembamba na pia ya upole wa moyo. Yeye akachukua upole, akaufanya uwe ucha Mungu. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam au Kampala anayekariri majina haya usiku wa kuamkia mtihani anauita utando wa ubongo "mama mcha Mungu" bila kujua.

Kuna pia maneno yaliyofika salama. Galen alilinganisha utando wa nyuma ya jicho na wavu. Waarabu wakauita kwa neno lenye asili ya *shabaka*, yaani wavu. Walatini wakaulinganisha na *rete*, ambalo pia ni wavu, na ndipo tulipopata *retina*. Wazo moja lilivuka lugha tatu bila kupotea.

## Vitabu vilivyotikisa

7. Kitabu gani kiliacha athari kubwa zaidi?

*Kanuni ya Tiba* ya Ibn Sina (980–1037), bila shaka. Ina vitabu vitano: misingi ya jumla, dawa moja moja, magonjwa ya viungo kuanzia kichwani hadi miguuni, magonjwa yanayoenea mwili mzima kama homa, na dawa za mchanganyiko. Ukiwa na ugonjwa mbele yako, unajua pa kufungua. Galen alikuwa ameandika mengi mno, mara nyingine akijipinga, na ilimchukua msomaji miaka kumwelewa. Ibn Sina alimpanga.

Kwa Kilatini kilichapishwa Milan mwaka 1473, muda mfupi tu baada ya mashine ya kuchapia kufika Italia. Kwa Kiebrania kilichapishwa Napoli mwaka 1491, na kwa Kiarabu Roma mwaka 1593. Kati ya mwaka 1500 na 1674 matoleo ya Kilatini, kamili au ya sehemu, hayakupungua 60.

8. Na katika upasuaji?

Al-Zahrawi, aliyeishi karibu na Cordoba na kufariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kitabu cha juzuu 30, ya mwisho ikihusu upasuaji. Ndani yake mna michoro ya vifaa vipatavyo 200: visu, koleo, misumeno, vyuma vya kuchomea vidonda. Kimojawapo ni kijembe kidogo kinachofichwa kati ya vidole, ili mgonjwa mwoga apasuliwe jipu kabla hajajua kilichomo mkononi mwa tabibu. Mwandishi wa jambo kama hili amekaa na wagonjwa.

Anaeleza pia kwa nini ameandika. Anasema alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke; kwa kutojua mishipa ilipo, akaikata, na mwanamke akavuja damu mpaka akaanguka akafa mbele yake. Fundisho lake ni kwamba asiyejua muundo wa mwili asishike kisu. Guy de Chauliac, daktari wa mapapa waliokaa Avignon, alimtegemea mara nyingi katika kitabu chake kikuu cha upasuaji cha mwaka 1363.

9. *Al-Hawi* ya Al-Razi ilifikaje Ulaya?

Kwa mkono wa Faraj ibn Salim, Myahudi wa Girgenti huko Sisilia, aliyeikamilisha mwaka 1279 kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou. Nakala ya kifalme iliyopo Paris ina picha ndogo zinazosimulia kisa chote: mfalme akipokea kitabu kutoka kwa wajumbe wa Tunis, Faraj akiwa kazini, kisha akikabidhi tafsiri. Ni nadra mfasiri wa zama zile kuchorwa akitafsiri.

*Al-Hawi* ni daftari za Al-Razi mwenyewe, zilizokusanywa baada ya kifo chake mwaka 925 hivi: alichokisoma kwa wengine, na kando yake alichokiona kwa wagonjwa wake. Ilikuwa kubwa na ghali mno. Mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa alipotaka kuiazima kutoka kitivo cha tiba cha Paris mwaka 1471 ili inakiliwe, madaktari walimdai dhamana kwanza, naye akaweka vyombo vya fedha.

## Athari zenyewe

10. Je, hawa hawakuwa walinzi tu wa elimu ya Wagiriki?

Hoja hii ni ya zamani, na inakufa taratibu. Al-Razi aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Galen, akisema kwamba ukweli ni mkubwa kuliko heshima anayomwekea mwalimu wake. Aliwatenganisha wagonjwa wa ndui na wa surua kwa dalili. Katika *Al-Hawi* anasimulia kwamba, katika ugonjwa unaofanana na homa ya uti wa mgongo, kundi moja la wagonjwa alilitoa damu na jingine akaliacha makusudi ili apate hakika. Leo hatuwatoi damu wagonjwa hao, lakini namna ya kuuliza swali inafahamika kwa mtafiti yeyote.

11. Kwa ufupi, Ulaya ilipata nini hasa?

Ilipata mtaala. Orodha za "uvumbuzi" zinazosambaa kila mwaka hulikosa jambo hili, kwa sababu zinatafuta kitu kimoja kimoja cha kushangilia, ilhali badiliko kubwa lilikuwa la namna ya kufundisha. Utangulizi mfupi wa Hunayn, ulioandikwa kwa maswali na majibu, uliwekwa mwanzoni mwa mkusanyiko wa vitabu ambao kila mwanafunzi wa tiba wa zama za kati aliusoma. Kwa hiyo somo la kwanza la mwanafunzi wa Salerno au Paris lilitungwa Baghdad. Mwaka 1309 papa Clement wa Tano aliidhinisha vitabu vya kusomwa katika chuo cha Montpellier, Ufaransa, na miongoni mwake walikuwamo Ibn Sina, Al-Razi, Ishaq al-Israili na Konstantino.

Tiba ikawa elimu yenye nadharia, maswali ya kujadiliwa na mtihani. Hata hesabu iliingia: mwanafalsafa Al-Kindi alikuwa amebuni njia ya kukokotoa nguvu ya dawa ya mchanganyiko kwa uwiano wa ujoto na ubaridi wake, na tabibu Arnau wa Vilanova akaibishia na kuiendeleza huko Montpellier.

12. Kusema sayansi ya Ulaya imetoka kwa Waarabu si kupiga chuku?

Ni kupiga chuku, ikisemwa hivyo. (Inafurahisha kwamba chuku yenyewe ni pembe ya kuumikia, chombo ambacho Al-Zahrawi ana sura nzima kukihusu.) Wasomi wa Ulaya walichagua, wakabishana, wakaongeza, na upasuaji wa maiti uliofanywa vyuoni Italia tangu karne ya 14 ulikuwa hatua yao wenyewe. Lakini ni upotoshaji mkubwa zaidi kusema walianza na karatasi tupu. Andreas Vesalius, anayeitwa baba wa elimu ya muundo wa mwili, alianza uandishi wake mwaka 1537 kwa kufafanua kitabu cha tisa cha Al-Razi kwa mtawala Mansur, na kitabu chake kikuu cha mwaka 1543 kinataja pia majina ya Kiarabu ya mifupa.

## Maswali yenye utata

13. Je, William Harvey, daktari wa Kiingereza, aliuchukua mzunguko wa damu kwa Ibn al-Nafis?

Hakuna ushahidi wa hilo. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alimpinga Galen kwa kusema kwamba ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya moyo hauna matundu, hivyo damu lazima ipite mapafuni. Mawazo kama hayo yanaonekana kwa Michael Servetus mwaka 1553 na Realdo Colombo mwaka 1559. Andrea Alpago, tabibu wa Waveneti aliyekaa Damascus kwa miaka mingi, alitafsiri sehemu ya maandishi ya Ibn al-Nafis, lakini sehemu iliyochapishwa mwaka 1547 ilihusu dawa. Wanahistoria hawajakubaliana kama wazo la mapafu lilipita kwa njia hiyo au lilizuka upya.

Harvey, mwaka 1628, alieleza jambo kubwa zaidi: kwamba damu huzunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Hilo halimo kwa Ibn al-Nafis. Maandishi yenyewe ya Ibn al-Nafis yalitambuliwa tena na tabibu wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, katika tasnifu aliyoiandika Ujerumani mwaka 1924.

14. Kisa cha Al-Razi kutundika nyama Baghdad ili achague mahali pa kujenga hospitali ni cha kweli?

Ni kisa kizuri: nyama ilitundikwa mitaani, na hospitali ikajengwa pale ilipochelewa kuoza. Tatizo ni kwamba hospitali inayotajwa, ya Adud al-Dawla, ilifunguliwa mwaka 982, zaidi ya nusu karne baada ya Al-Razi kufariki.

15. Je, kila kitabu muhimu cha Kiarabu kilitafsiriwa?

La, na kutokutafsiriwa kuna historia yake. Ibn al-Khatib wa Granada aliandika kuhusu tauni ya karne ya 14 akisisitiza kwamba maradhi huambukizwa kwa watu, nguo na vyombo. Risala hiyo haikupata mfasiri wa Kilatini. Kufikia wakati huo vyuo vya Ulaya vilikuwa vimeshiba vitabu vya karne ya 10 na ya 11, na mlango ulikuwa karibu kufungwa.

16. Kiswahili kinaingiaje hapa?

Si kwa njia ya Ulaya, bali kwa ndugu wa damu moja. Mafundisho ya vimiminika vinne vya mwili (damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi) yalifika pwani yetu moja kwa moja kutoka Arabuni, na maneno yake yangali nasi. Balghamu ni neno lile la Kigiriki lililowapa Waingereza *phlegm*, lililopitia Kiarabu. Safura, ambayo kwetu sisi ni ugonjwa wa kupungukiwa damu unaompa mtu rangi ya manjano, asili yake ni nyongo ya njano. Homa ndiyo ileile iliyo katika jina la kitabu cha Ishaq al-Israili. Kanuni, tabibu, dawa na tiba hazihitaji maelezo.

17. Athari hii ilikoma lini?

Ilianza kushambuliwa mwishoni mwa karne ya 15, wasomi waliokijua Kigiriki walipodai kurudi kwa Galen mwenyewe na kuwalaumu wafasiri kwa kumharibu. Mapokeo yanasema tabibu Paracelsus aliitupa *Kanuni* motoni mjini Basel mwaka 1527. Mwaka huohuo, mjini Venezia, ilichapishwa *Kanuni* iliyosahihishwa na Alpago (tazama swali la 13) kwa kulinganisha nakala za Kiarabu. Wengine walichoma, wengine walisahihisha. Chuo cha Padua kiliendelea kuifundisha hata katika karne ya 17.

Na hata baada ya hapo haja haikwisha. Katika karne ya 18, wakati Waingereza wakibishana kuhusu kuchanja ndui, John Channing alichapisha London, mwaka 1766, risala ya Al-Razi kuhusu ndui na surua, Kiarabu upande mmoja na Kilatini upande wa pili.